Tulimpisha bombani, basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, manake hili jambo limenikaa rohoni na nikiliongea hapa mtaani naambiwa mama fulani kaanza umbea.

Huku kwetu Mbagala tunaishi nyumba za kupanga, ukuta mmoja, jirani akikaanga pilipili we ndo unapiga chafya, kwahiyo mtu asije akaniambia eti hakusikia kitu. Kuna binti wa kazi aliletwa toka mkoani, kwa kumwangalia hata miaka 14 sidhani kama kafika, na usiku tulikuwa tunamsikia anavyolia. Siku moja akaja bombani mkono kaufunga na kipande cha khanga, tukamuuliza akasema kaungua na uji, sasa wakati anainama kuchota kile kitambaa kikateleza tukaona. Uji gani huo unaacha alama yenye ncha kama pasi? Tulikuwa wanawake sita pale. Tukaangaliana, mmoja akasema pole mwanangu, tukampisha achote kwanza. Hicho ndo tulichofanya, na mimi nikiwemo.

Sababu kila mtu anazo. Mie ya kwangu ilikuwa kodi, maana bosi wa yule binti ndo mwenye nyumba. Wengine wanasema mambo ya ndani ya watu hayo, wengine serikali ipo itajua yenyewe, sasa itajuaje kilichoko chumba cha tatu toka chooni kama sisi wa chumba cha nne tumenyamaza? Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba mtoto anavunjiwa haki zake akatoe taarifa serikali za mitaa, yaani yeyote, haijasema ndugu wala mjumbe. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Kama unaogopa kuonekana kuna namba 116, unapiga bure kabisa, mi mwenyewe nimekuja kuijua wakati mambo yameshaharibika na simu nilikuwa nayo mkononi siku zote naangalia vichekesho.

Na msidhani ni huku uswahilini tu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kupigwa kabla hawajafika miaka 18. Sasa hesabu na majirani waliokuwa wanasikia.

Aliyemwokoa yule binti ni mama muuza mihogo, wala hakai mtaa wetu, anapita tu na sinia lake. Alimuona mara moja, akatua sinia chini, akamshika mkono ule mzima wakaenda ofisi ya serikali ya mtaa, kutoka hapo wakaenda polisi, wakapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, wakaenda kutibiwa. Mihogo ya siku ile ililala.

Sasa mhariri kilichoniuma zaidi ni kilichofuata, kwamba watu hapa walimkasirikia yeye! Eti kiherehere, eti kamwaibisha mwenye nyumba. Wiki nzima kila akipita na sinia hakuna anayetoka kununua, na mimi siku ya kwanza nilimsikia anaita "mihogoo" mlangoni kwangu nikakaa kimya ndani kama sipo.

Ni mimi mpangaji,
Mbagala, Dar es Salaam