Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: orodha ya vitabu vyetu ibaki mikononi mwetu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIFUMO YA KOMPYUTA KATIKA MAKTABA ZA SHULE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga na mlezi wa maktaba ya shule. Shule zetu zinaanza kuhamishia maktaba kwenye kompyuta, kila moja kwa njia yake. Kabla mikataba haijawa mingi, nakuomba unisikilize.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilitupa programu ya maktaba. Bure, wakasema, na itabaki bure. Tukaingiza vitabu vyote. Kisha kampuni ikauzwa, na mwenye mali mpya akataka ada ya mwaka ambayo shule haikuwa nayo. Asubuhi moja nikawasha kompyuta, orodha haifunguki. Tukarudi kwenye kaunta buku. Wiki nyingi, baada ya vipindi, binti wa kidato cha pili alikaa pembeni yangu akinisomea namba ya kitabu, jina, mwandishi, nami nachapa. Kurasa nyingine mchwa walikwishazila, nyingine wino ulikuwa umesambaa kwa unyevu wa bahari, ikabidi ainuke akakisake kitabu chenyewe rafuni. Muda ule alipaswa awe anasoma. Bado unaniuma.

Nilipopendekeza tutumie programu huria, mwenzangu mmoja alinijibu kwamba hizo nazo matajiri wananunua, bora tulipe tangu mwanzo. Hajakosea, zinanunuliwa. Lakini bure na huria si kitu kimoja. Ile ya kwanza tulipewa bure, msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, hatukuwahi kuuona wala hatukuruhusiwa kuugusa. Iliyo huria, leseni yake inampa kila mtu haki ya kuichukua, kuirekebisha na kuigawa, na haki hiyo haiondoki kampuni inapobadilisha mikono.

Chukua Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Ilizaliwa New Zealand, katika maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000. Wakaitengenezesha kwa kampuni ndogo ya Katipo, ikaanza kazi Januari 2000, nao wakaiachia dunia nzima. Koha ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani, LibLime, ikanunua kitengo cha Koha cha Katipo. Miaka miwili baadaye ikawa na toleo lake la wateja wake, kando ya lile la jumuiya, yaani wakutubi na waandishi wa programu wa nchi mbalimbali wanaoitengeneza pamoja. Mwaka 2010 LibLime nayo ikanunuliwa, na kampuni nyingine, PTFS. Tovuti ya zamani ikabaki kwa kampuni, jumuiya ikafungua yake mpya na kuendelea kuandika msimbo uleule. Kisha likaja suala la jina: kampuni iliomba kulisajili Koha kuwa alama yake ya biashara hukohuko New Zealand. Mwaka 2011 wale wa maktaba, walioitoa zawadi yenyewe, wakalazimika kuomba michango ya kugharimia wanasheria. Watu wakachanga. Mwishoni mwa 2013 ombi la kampuni likakataliwa.

Hata kanzidata iliyo chini ya Koha, yaani programu inayohifadhi kumbukumbu zake, imepitia hayohayo. Inaitwa MySQL; ilinunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, na Sun ikamezwa na kampuni ya Oracle mwaka 2010. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa amekwisha kuchukua msimbo na kuanzisha kanzidata nyingine huria, MariaDB, kwa jina la bintiye. Koha inakwenda na yoyote kati ya hizo mbili.

Sisemi kila programu huria huokoka. Isiyo na watu wa kuisoma hufa. Koha iliokoka kwa sababu wakutubi na waandishi wa programu waliijua ndani nje, na kumbukumbu zao zilikuwa kwao. Hapo ndipo Jiji linapoingia. Mji wetu unajulikana kwa usemi wa waja leo, waondoka leo. Mzabuni naye ataondoka, leo au kesho, na akiondoka asibebe orodha zetu. Naomba kila mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu ni mali ya shule, na shule inaweza kuzitoa zote wakati wowote, bila ada, kwa muundo ambao programu nyingine inausoma. Penye programu huria inayofaa, ipewe nafasi ya kwanza. Na sehemu ya fedha ambayo ingelipia leseni ifundishe vijana wetu wa Ngamiani na Makorora kuziendesha na kuzitengeneza. Hili la mwisho naliona kubwa kuliko yote, maana haki ya kurekebisha msimbo haina faida mahali ambapo hakuna anayeujua.

Maktaba yetu sasa inatumia Koha, kwenye kompyuta iliyo chini ya meza yangu. Kila Ijumaa nachukua nakala rudufu. Mtume ofisa wako wa TEHAMA siku yoyote ya kazi, saa tisa alasiri, aje na flashi. Nitamtolea orodha yote ya vitabu mbele ya macho yake, katika faili moja, aondoke nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mlezi wa maktaba, Tanga