Kikao cha Jumamosi: kuwapokea wanaorudi

Hamjambo dada zangu,

Jumamosi saa nane mchana tukutane kwangu hapa Nanyuki, si kanisani tena. Watoto waje nao.

Kuna waume wanaorudi kutoka Somalia mwezi ujao. Tangu jeshi letu livuke mpaka Oktoba 2011, kungoja tumekuzoea. Kumpokea mtu aliyebadilika ndiko kugumu. Halali usiku, mlango ukibamizwa anaruka, mtoto wake mwenyewe anamkimbia. Tuzungumze wazi. Wenzetu wawili waliofiwa kambi yetu ya El Adde kule Somalia iliposhambuliwa mwaka 2016 watakuwepo, tafadhali tusiwahoji.

1. Mchango ni shilingi 300, kwa M-Pesa ya mweka hazina, mwisho Alhamisi. Ni wa mwenzetu aliyejifungua mumewe akiwa mbali.
2. Mama Baraka, chai ni yako.

Andikeni "Nakuja" au "Siwezi" kabla ya kesho jioni.