D'Alessandro hakuwahi kuchezea Inter Milan

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, ila ile makala ya wachezeshaji namba kumi wa Argentina "waliopotea" imenishinda. Andrés D'Alessandro kapewa mistari mitatu: alitoka River Plate ya kwao Argentina, Ulaya ikamshinda, akamalizia soka "Inter Milan".

Inter aliyoichezea ni Internacional ya Porto Alegre, Brazil. Alifika 2008 na mwaka huohuo wakabeba Copa Sudamericana, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Amerika Kusini, mbele ya Estudiantes ya Argentina. 2010 wakaifunga Chivas ya Mexico nyumbani na ugenini, wakabeba Libertadores, yaani klabu bingwa ya Amerika Kusini, naye akatangazwa mchezaji bora wa Amerika Kusini. 2016 alikuwa River kwa mkopo, Inter ikashuka daraja hayupo, akarudi kuipandisha. Alipita pia Nacional ya Uruguay, kisha akastaafu Porto Alegre Aprili 2022, ana miaka 41, na mechi zaidi ya 500 za klabu hiyo. Muargentina, kwa Wabrazil! Huyo kapotea wapi?

Na kosa hili limeshanigharimu fedha. Desemba 2010, hapa Kigoma, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa inacheza na Internacional nusu fainali ya klabu bingwa ya dunia kule Abu Dhabi. Mwenye kibanda umiza akaandika ubaoni "Mazembe na Inter ya Eto'o", akapandisha kiingilio mara mbili. Tukalipa. Inter ya Eto'o, yaani Inter Milan, ilikuwa inacheza kesho yake na Wakorea! Tulipodai chetu akajibu, "Inter ni Inter." Nusu ya watu waliamini Eto'o yuko benchi mpaka Kabangu wa Mazembe alipofunga, halafu Kaluyituka, na kipa wao Kidiaba akaanza kurukaruka kwa makalio, hapo nani tena akumbuke kiingilio isipokuwa mimi? Jirani yangu akauliza yule mwenye mguu wa kushoto anayeuvuta mpira kwa wayo ni nani. Nikamwambia ni D'Alessandro. "Angekuwa mzuri angekuwa Uingereza." Nikamwambia alishakuwa, Portsmouth, 2006. "Basi ndiyo maana karudi kwao." Mwandishi wako na jirani yangu wamesoma darasa moja.

Halafu ukurasa wenu wa mikeka! Mechi za Brazil na Argentina zimejaa, na vijana wanakesha kuzisubiri hela zao zikiliwa saa tisa usiku, lakini habari hata moja ya kuwaambia timu hizo ni za nani hamna. Kubeti mnajua kuwaelekeza, kusoma hapana.

Nashauri hivi: kila Jumatano ondoeni tangazo moja la mganga wa nguvu za kiume, lile la chini kushoto lenye picha ya simba, muweke msimamo wa makundi ya Libertadores. Mganga akilalamika, mpeni namba ya yule mwandishi.

Msomaji wako,
Kigoma