Fedha ya mgeni inaishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa maendeleo ya mikoa. Mipango mingi huhesabu yaleyale: wageni walioingia, kampuni zilizosajiliwa, wanafunzi waliodahiliwa. Ni hesabu za mlangoni. Kilichobaki ndani hakihesabiwi, na hicho ndicho kinachokuza mkoa.

Tuchukue mgeni aliyetumia 100. Ikiwa katika kila malipo ni asilimia 20 tu inayotumika tena humohumo mkoani, mzunguko mzima (100, kisha 20, kisha 4, na kuendelea) utaishia 125. Ikiwa ni asilimia 60, utafika 250. Mgeni ni yuleyule na kitanda ni kilekile, ila kilichobadilika ni nani kauza mayai, nani kafua mashuka, nani katengeneza jenereta.

Kwa nini basi hoteli iagize nyanya kutoka mbali na wakulima wako jirani? Mara nyingi si dharau. Mpishi anataka, tuseme, kilo 40 kila Jumanne na Ijumaa, za ukubwa mmoja, pamoja na ankara. Mkulima ana kilo 200 wiki hii, wiki ijayo hana hata moja. Tena hoteli hulipa baada ya siku 30 au 60, wakati vibarua wanadai jioni ileile. Mkulima anaishia kumuuzia dalali shambani. Dawa yake inajulikana. Hoteli iupe ushirika makadirio ya jikoni miezi mitano kabla ya msimu, kwa sababu nyanya huchukua miezi mitatu hadi minne toka kitaluni hadi kuvunwa. Yakichelewa, hayana kazi tena. Ushirika upange zamu za kusia mbegu kila wiki mbili na kuchambua madaraja kwenye kituo kimoja chenye chumba cha baridi. Chama cha akiba na mikopo kimlipe mkulima kwa dhamana ya ankara, chenyewe ndicho kisubiri hoteli.

Vyuo vikuu navyo vimekaa mbali na haya, na hilo linasikitisha kwa sababu vifaa tayari vinavyo. Mjasiriamali anayetengeneza sosi ya pilipili ya chupa hukataliwa hotelini kwa kukosa vipimo. Sosi ya namna hiyo inapaswa kuwa na pH, yaani kipimo cha uchachu, iliyo chini ya 4.6, la sivyo bakteria wa botulizimu, sumu hatari ya chakula, wanaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa. Kipimo hicho ni kazi ya dakika chache katika maabara ya kemia ya chuo chochote. Kinachokosekana ni dirisha la kupokelea sampuli, ada inayojulikana na mtu wa kusaini majibu.

Kalenda nayo ina lake. Mafunzo kwa vitendo hufuata likizo ya chuo. Likizo hiyo ikiangukia msimu mfu, mwanafunzi wa utalii atakuta vyumba vimefungwa na wapishi wamepunguzwa. Wiki nane zitaisha kabla hajapokea kundi hata moja la wageni.

Wapo wanaosema tujenge kivutio kikubwa, mengine yatafuata, na mfano wao ni mji wa Bilbao, Hispania, na jumba la makumbusho la Guggenheim lililofunguliwa 1997. Lakini reli ya chini ya ardhi ya mji huo ilianza 1995, mto Nervión ulikuwa ukisafishwa kwa miaka mingi, na jengo jipya la uwanja wa ndege likafunguliwa 2000. Wengi walioiga waliiga jengo tu.

Ombi langu kwa wapangaji ni dogo. Kila mwaka, kando ya idadi ya wageni, wachapishe asilimia ya manunuzi ya hoteli yaliyofanyika ndani ya mkoa, wakitenganisha vyakula, ufundi, usafiri na mishahara. Takwimu hizo tayari zimo kwenye vitabu vya wahasibu wa hoteli.

Msomaji wako