Barua ya wazi kwa Meya wa kijiji chetu mkoani Creuse, Ufaransa: tuitishie kikao sisi wenye nyumba zilizofungwa

Mheshimiwa Meya,

Salamu kwako, kwa madiwani wako na kwa karani wa ofisi yako, ambaye Ijumaa iliyopita nilimwachia barua hii kwa Kifaransa. Hii ya Kiswahili naiandika hadharani kwa sababu watu wa kwetu Lamu wanalijua jambo hili la nyumba za wageni zinazofungwa kuliko Waingereza wenzangu, na kwa sababu nikitafuta maneno ya kusemea ujirani, Kiswahili ndicho kinachonijia kwanza.

Kwa sura unanijua. Mimi ndiye yule mama wa mtandio anayesimama karibu na mnara wa mashujaa kila tarehe 11 Novemba akibahatika kuwapo. Nilizaliwa Lamu, nikaenda Uingereza kusomea uuguzi, nikauguza watu Leicester mpaka nikastaafu. Mwaka 2010 mimi na mume wangu, mtu wa Yorkshire, tulinunua nyumba ya mawe ya matale kwenye kichochoro kinachoshuka mtoni. Katika hesabu za serikali yenu sisi ni wenye nyumba ya pili. Waingereza wa namna yetu tuko makumi ya maelfu Ufaransa nzima, kuanzia Brittany hadi Dordogne, na wengi tulifuata kitu kimoja: bei ya nyumba ya kijijini huku isingekununulia hata gereji kusini mwa Uingereza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni tangazo nililolisoma Februari kwenye ubao wa ofisi yako. Idara ya elimu inahesabu watoto upya, na darasa moja la shule tunayochangia na vijiji jirani huenda likafungwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikihesabu. Kichochoro chetu kina nyumba kumi na moja. Saa moja na nusu jioni, giza limeshaingia, taa zilikuwa zinawaka katika nyumba nne, na ya kwangu ni ya tano. Sita zilizobaki zilikuwa zimefungwa mbao za madirisha, na kati ya hizo sita, nne ni za Waingereza ninaowajua kwa majina. Kama ningekuwa Leicester wiki ile, zingekuwa saba.

Mheshimiwa, mimi nimekulia upande wa pili wa mlango uliofungwa. Lamu nyumba ya mawe ina baraza mbele ya mlango, na ile baraza haikujengwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Ni ya wapita njia, ya wazee wa baada ya alasiri, ya mtoto anayesubiri kutumwa. Nyumba nyingi za Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, na za mjini zimenunuliwa na watu wa Ulaya. Wamezitengeneza vizuri, siwezi kusema uongo, plasta safi, vidaka vimerudishiwa nakshi zake. Wakija wanakuja wiki sita, labda nane, halafu mlango unafungwa na mlinzi anabaki. Hakuna aliyekatazwa kukaa barazani, lakini watu hawakai, kwa sababu hakuna wa kutoka ndani akasema karibu. Binamu yangu alitaka kununua nyumba karibu na mama yake. Alipotajiwa bei akacheka, akaenda kupanga bara.

Yote hayo nilikuwa nayajua, nikaja kununua nyumba kwenu. Nilijiambia Creuse si Shela, huku nyumba zilikuwa zinaanguka zenyewe, sisi tunaziokoa. Na ni kweli kwamba paa la nyumba yetu lilikuwa limebonyea kama mgongo wa punda mzee. Lakini kuokoa paa si kuishi chini yake.

Somo la kwanza nililipata Februari 2012, baridi kali ilipoishika Ulaya nzima. Sisi tulikuwa Leicester. Bomba la jikoni likapasuka, maji yakapita chini ya mlango na kuganda kizingitini kama kioo. Aliyeona ni mzee jirani yetu, yule mfugaji wa ng'ombe wekundu wa Limousin. Alitoka na gongo na koleo, akavunja barafu juu ya kifuniko cha mita ya maji kando ya barabara, akafunga maji kwa mkono wake. Namba yetu ya simu hakuwa nayo. Alitembea mpaka ofisi ya meya, karani akapekua mafaili mpaka akaipata. Simu iliponifikia nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, na Kifaransa changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mkate. Nililoelewa ni neno moja tu, maji, maji.

Tulipofika nilimpelekea pesa, akazirudisha mezani kwa kidole kimoja. Nikampelekea mahamri ya iliki, hayo akayapokea. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Akasema kila asubuhi akiamka huangalia dohani za majirani. Dohani ikitoa moshi anajua mwenyewe yu hai. "Yenu haina habari ya kunipa," akasema, "kwa hiyo sasa ninaangalia mlango." Tangu siku hiyo funguo zetu zinaning'inia kwenye msumari jikoni kwake, pamoja na za nyumba nyingine tatu. Mwaka huu ametimiza miaka themanini na minne, Mheshimiwa. Milango minne inamtegemea mtu mmoja mwenye magoti mabovu.

Sasa niseme kuhusu siku zetu, maana najua unalisikia sana hili. Tangu Januari 2021 sisi Waingereza tusio na ukaazi wa Ufaransa tunaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Mimi nazihesabu kwenye kalenda ya zimamoto wa kujitolea, ile wanayopitisha nyumba kwa nyumba mwisho wa mwaka na ambayo mzee hunichukulia. Siku ya kuingia naizungushia duara jekundu, ya kutoka duara la buluu. Tangu Oktoba 2025 mpakani wanachukua alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo mashine inahesabu kuliko mimi. Anayetaka kukaa zaidi anaomba viza ya muda mrefu, euro 99, na miadi London, Manchester au Edinburgh. Desemba 2023 wabunge wenu walipitisha kifungu cha kuwapa Waingereza wenye nyumba ruhusa bila usumbufu huo. Januari 25, 2024 Baraza la Katiba likakifuta, kwa sababu hakikuhusiana na muswada uliokibeba. Wenzangu walisononeka sana. Mimi nilisononeka siku mbili, kisha nikajiuliza tungezitumiaje hizo siku za nyongeza. Uingereza ilipiga kura 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya, mimi nilipiga ya kubaki, nikashindwa. Sikuombi wewe unirudishie nilichonyang'anywa nyumbani.

Na sitalalamikia kodi. Najua tangu 2023 mkazi wa kudumu amefutiwa kodi ya makazi na sisi wa nyumba ya pili tunaendelea kuilipa. Ni haki. Taa ya barabarani inawaka tukiwapo na tusipokuwapo.

Ninachokilalamikia ni sisi wenyewe, na hapa nitasema wazi. Wapo wenzangu wanaoshuka uwanja wa ndege wa Limoges, wanapakia gari vitu vya dukani mjini, wanapita kijijini bila kusimama, na mtu pekee wanayezungumza naye wiki nzima ni Mwingereza mwingine. Wapo wanaomleta fundi kutoka Kent wakati mwashi anaishi mwendo wa dakika kumi. Wapo wanaoingia duka la mkate na kuanza kutaja wanachotaka, bila salamu, halafu wanashangaa muuzaji kanuna. Hili la salamu halikunipa taabu hata siku moja, maana kwetu nako ukipita watu bila kuwasalimu umewatukana. Mume wangu ilimchukua miaka miwili. Sasa anawasalimu hata ng'ombe.

Lakini haki itendeke pande zote. Mwaka 2019 yule jogoo wa kisiwa cha Oléron, Maurice, aliposhtakiwa kwa kuwika alfajiri, walioshtaki walikuwa Wafaransa wenye nyumba ya likizo. Jogoo akashinda, na Januari 2021 mkatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashamba. Ugeni wa kijijini hauna pasipoti moja.

Tena nchi yenu hii inaujua utokaji. Nimesoma habari za waashi wa Creuse, waliokuwa wanaondoka kila mwaka baridi inapoisha, wanatembea kwa miguu hadi Paris kujenga, wanarudi majira ya baridi. Kwetu tungesema walikwenda na pepo, kama mabaharia wa kaskazi na kusi. Mmoja wao, Martin Nadaud, alianza safari hiyo mwaka 1830 na baba yake, mtoto wa miaka 14, na baadaye siasa zikamfukuza mpaka Uingereza, akawa mwalimu wa Kifaransa huko kabla ya kurudi 1870. Wale waashi walikuwa hawapo miezi minane au tisa, na bado vijiji vilijaa, kwa sababu wake, wazazi na watoto walibaki na moto ukawaka. Mwaka 1851 Creuse ilikuwa na watu zaidi ya 280,000. Leo hamfiki 120,000. Sisi tunaondoka kama walivyoondoka wao, ila hatuachi mtu ndani.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Tuitishie kikao. Si barua ya kodi, si karatasi ya takataka kwenye sanduku. Kikao, kwenye ukumbi wa kijiji, wiki ya kwanza ya Agosti, kabla ya sikukuu, kwa kuwa hapo ndipo karibu wote tunakuwapo. Tuambie kwa mdomo wako mambo ya shule, ya daktari aliyestaafu bila kupata wa kumrithi, ya zimamoto wanaotafuta vijana. Wengi wetu hatuyajui, na kutoyajua huko tumekufanya kuwe starehe.

Kisha tuombe mambo mawili.

La kwanza ni nyumba zetu wakati wa baridi. Sheria ya Novemba 2018 ilileta mkataba wa kupanga wa muda mfupi, mwezi mmoja hadi kumi, nyumba ikiwa na samani, kwa wanafunzi, wanagenzi, na walio kazini kwa muda. Siku ya mwisho ikifika mkataba umekwisha, na hiyo ndiyo hofu kubwa ya wenye nyumba, kwamba mpangaji hatatoka. Mimi ni muuguzi, najua daktari mwanagenzi anakataa kuja kijijini si kwa kuchukia kijiji, ni kwa kukosa pa kulala. Miezi tunayozuiwa na sheria kuwa Ufaransa ndiyo hiyo hiyo nyumba inalala tupu. Nyumba yangu iwe ya kwanza, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi. Najua mawe hayazuii baridi na cheti chetu cha nishati, kinachopima nyumba kwa herufi A hadi G, kina herufi F. Yenye G haipangishwi tena tangu Januari 2025. Tutaweka pamba ya kuzuia baridi darini mwaka huu, na mwashi wa hapa hapa ndiye tuliyemwita.

La pili linauma zaidi. Tukitaka kuuza, tunatangaza kwa Kiingereza, na Mwingereza anamuuzia Mwingereza. Tuombe tuahidi kukupa habari wewe miezi mitatu kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, ili kama kuna vijana wa hapa wenye watoto wanaotafuta nyumba, wawe wa kwanza kuingia kuitazama. Bei tutaelewana nao. Daktari mwanagenzi haleti mtoto wa shule, ila familia moja ya watoto watatu huenda ikaliokoa lile darasa. Mimi na mume wangu tumeshaandika ahadi hiyo, imebanwa pamoja na nakala ya Kifaransa.

Wapo watakaokasirika. Mmoja ameshaniambia kwamba nyumba yake ni yake na alinunua utulivu. Nilimwuliza nani alifunga dirisha lake la dari dhoruba ilipolifungua. Hakujua. Nilimtajia jina la mzee, akanyamaza, akauliza mzee anapenda mvinyo gani. Nikamjibu aende akamwulize mwenyewe.

Tutafika tarehe 1 Agosti na tunazo siku 41 kwenye kalenda. Ukumbi ukipatikana, viti nitakuja kuvipanga mimi, na mahamri nitapika usiku wake. Kuhusu zile funguo nne, nimezungumza na mzee: amekubali ziandikwe majina na namba za simu, na nakala ya karatasi hiyo ikae kwa karani wako. Nitaileta Jumanne.

Wako kwa heshima,

Mama wa Lamu, nyumba ya mlango wa buluu, kichochoro cha mtoni