Kabla Hujanunua Gari Jingine la Spoti, Kaa Ndani Tukupitishie Baiskeli

Baada ya mvua za masika mteja wa siku nyingi wa gereji yetu hapa Nairobi, dada anayeishi Lang'ata na kufanya kazi Upper Hill, alituletea habari mbaya. Gari lake la milango miwili lilikuwa limejaa maji ya mafuriko hadi kwenye dashibodi. Kampuni ya bima iliona halifai kutengenezwa, ikamlipa. Alikaa kwenye benchi letu, akafungua simu na kunionyesha picha ya Nissan 370Z nyeusi iliyokuwa ingali Japani.

"Kaka, safari hii nataka lenye nguvu. Wewe niambie tu kama ushuru utanimaliza."

Ushuru tutaufikia. Kwanza nilimwomba aingie kwenye 370Z iliyokuwa gerejini siku hiyo kwa ruhusa ya mwenyewe, kisha nikamwita kijana wetu mmoja achukue ile baiskeli ya Black Mamba tunayotumia kwenda kununulia spea za karibu.

Jaribio hili tunamfanyia kila mtu anayetafuta gari la spoti la kuendeshea humu mjini, na hatulitozi hela. Unakaa kwenye usukani, unafunga mkanda, unarekebisha kiti na vioo mpaka uridhike. Kijana analizunguka gari polepole kwa baiskeli, umbali wa mita moja na nusu hivi. Kazi yako ni kusema kwa sauti, "namwona" au "simwoni". Mimi nasimama nje na chaki. Kila unaposema humwoni, natia alama sakafuni pale tairi la baiskeli lilipo. Mwisho unashuka na kujionea ramani ya gari lako.

Dada yule aliposhuka alinyamaza kwa muda. Nyuma upande wa kushoto chaki ilikuwa imechora ukanda mrefu kuliko baiskeli yenyewe. Nguzo ya nyuma ya 370Z ni pana, paa linateremka na dirisha la nyuma ni jembamba. Hivyo ndivyo gari lilivyopata umbo lake zuri, na ndivyo lilivyopoteza macho. Sasa fikiria Nairobi. Tunaendesha kushoto, baiskeli nazo zinapita kushoto kabisa, kati yako na mtaro. Mahali gari lile haliwezi kuona ndipo hasa watu walipo.

Mbele kulia alipata alama nyingine, fupi lakini mbaya. Nguzo inayoshika kioo cha mbele ina upana wa kiganja tu, ila kwa kuwa iko karibu na jicho inameza mtu na baiskeli yake. Kwenye mzunguko wa barabara magari na baiskeli hukujia kutoka kulia, nyuma ya nguzo hiyo hiyo. Mbaya zaidi, ikiwa mnasogea kwa mwendo unaowiana, anabaki amefichwa hadi mnapokutana. Dereva anaapa kwamba barabara ilikuwa tupu, na hasemi uongo. Dawa yake ni kuinamisha mwili mbele na kurudi nyuma kabla ya kuingia mzunguko, uchungulie pande zote mbili za nguzo. Inachukua sekunde moja. Wateja wetu tunawafundisha wakiwa bado wamekaa ndani.

Jambo hili linanigusa, na sababu ninayo. Nilipoanza kazi ya ufundi nilikuwa naendesha baiskeli kutoka Umoja hadi Industrial Area kila asubuhi, kwa Jogoo Road, kwa sababu nauli ya matatu ilikuwa inakula nusu ya nilichopata. Asubuhi moja karibu na Lusaka Road gari dogo la milango miwili lilikuwa limeegeshwa kando. Mlango ulifunguka nikiwa nimeufikia. Nakumbuka ukingo wa mlango, rangi nyekundu, na mfuko wangu wa chakula ukiruka. Nilipoteza jino na nikakaa wiki mbili bila kazi. Mwenye gari hakuwa mtu mbaya, alinipeleka hospitali mwenyewe. Hakuwa ametazama nyuma, basi.

Mlango wa gari la milango miwili ni mrefu kuliko wa gari la milango minne, maana lazima mtu wa nyuma apate pa kupitia. Ukifunguliwa wote unafagia eneo kubwa. Waholanzi, ambao baiskeli ni maisha yao, wana desturi ya kufungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo tumia mkono wa kushoto. Mkono ukivuka kifua, bega linageuka, shingo inageuka, na macho yanajikuta yanatazama barabara nyuma. Abiria wa kushoto naye atumie mkono wa kulia, hasa akishukia kwenye msongamano, kwa sababu magari yakisimama ndipo baiskeli zinapopenya upande huo. Ukinunua gari kwetu tutakufunguza mlango hivyo mara kumi kabla ya kukupa ufunguo.

Tukisema baiskeli, wengine huwaza wale wa Jumapili asubuhi kule Karen na Magadi Road, wenye helmeti na nguo za kubana. Hao wapo, na mji huu una haki ya kujivunia: Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa hapa Nairobi na akaanza kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu. Lakini wengi barabarani ni mlinzi anayetoka zamu ya usiku, muuza mkate, mtu wa kupeleka mitungi ya gesi, na kijana anayekwenda kiwandani kama nilivyokuwa mimi. Wengi hawana taa wala koti la kung'aa. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, saa ile ile watu wanayotoka kazini, na ukielekea magharibi kwa Ngong Road linakupiga machoni.

Na usimkasirikie anapoingia mbele yako ghafla. Ngong Road ina njia ya baiskeli, lakini mara nyingi utakuta bodaboda zimeegeshwa juu yake au mama ametandaza nyanya. Kwingine mfuniko wa mtaro umeibwa. Tairi la baiskeli likiingia humo mtu anarushwa, kwa hiyo anakwepa kuja upande wako. Ukiona shimo mbele yake, jua ameliona kabla yako na atakwepa. Mwachie nafasi mapema.

Sasa magari yenyewe.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ushuru wa forodha ni asilimia 35 ya thamani ya gari. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, asilimia 25 ikizidi hapo, na asilimia 35 kwa injini ya petroli inayozidi cc 3000. Kisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inakuja juu ya jumla yote hiyo. Chukua gari ambalo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, imelithamini kwa shilingi milioni moja. Likiwa la cc 1500 kodi hizo tatu zinafika shilingi 879,200. Likiwa la cc 2000 ni shilingi 957,500. Likiwa la cc 3700 kama 370Z ni shilingi 1,114,100. Hapo sijagusa tozo ndogo ndogo za uagizaji na za reli, wala kazi ya bandarini. Na 370Z haithaminiwi kwa milioni moja, kwa hiyo pengo linapanuka.

Ndiyo maana Mazda Roadster ya paa la turubai linalofunguka, inayouzwa Japani, nimeipenda sana kwa mji huu. Injini yake ni cc 1496, inaingia kwenye kiwango cha chini cha ushuru, na gari zima lina uzito wa karibu tani moja tu. Gari jepesi husimama upesi na huchangamka hata mwendo ukiwa mdogo, na mwendo mdogo ndio tunaopewa na Nairobi. Paa likifunguliwa, hakuna nguzo ya nyuma kabisa. Unamsikia mwendesha baiskeli kabla hujamwona, unasikia hata mnyororo wake. Paa likifungwa, bega la kushoto linakuwa gizani, na hilo tunamwambia kila mtu. Kasoro nyingine ni vitundu vya kutoa maji ya paa. Mjakaranda ukimwaga maua mwezi wa kumi vinaziba, maji yanarudi chini ya viti. Vizibue kila msimu au utuletee.

Toyota GT86 na ndugu yake Subaru BRZ ya toleo la kwanza zina injini ya cc 1998 yenye silinda zilizolala, kwa hiyo boneti imekaa chini na mbele unaona vizuri ajabu. Milango ni mirefu, nyuma ni wastani. Shida yao kubwa huku ni matuta, kwani chini ziko karibu na lami. Yale matuta ya mitaani yasiyopakwa rangi yatakula bampa.

Suzuki Swift Sport wapenzi wa spoti huidharau. Nadhani wanakosea. Injini ya cc 1371 yenye tabo, nguvu farasi 140, milango mitano mifupi, uzito chini ya tani moja. Katika jaribio letu ndiyo iliyobakisha chaki nyingi mkononi mwangu. Kwa mtu anayeingia mjini kila siku na kupeleka mtoto shule, ningemwambia achukue hiyo bila kusita.

Gari likifika, usikimbilie kulipiga poda. Soma karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari. Herufi R maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa tairi: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019, na tairi kuukuu halishiki lami ya mvua hata kama kashata zake, yaani meno yake, bado ni nene. Mafuta ya breki tunabadilisha kila gari linaloingia, bila kujadiliana.

Breki nazo zina mpaka wake. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo mjini, unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde hiyo moja ndiyo unayotumia kushtuka kabla mguu haujagusa pedali. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Hakuna diski kubwa inayofuta hesabu hiyo. Ukitaka kusikia injini ikiimba, ile Expressway ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands haina baiskeli, ingawa kikomo chake kipo nacho.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wenye magari mepesi ni hili: anampita mwendesha baiskeli, halafu mita ishirini mbele anakata kushoto kuingia kituo cha petroli. Anamfungia njia. Gari lako lina nguvu ya kumpita wakati wowote, basi subiri apite mlango wa kituo kwanza, ndipo uingie nyuma yake.

Yule dada alirudi Jumamosi iliyofuata na mumewe. Alikaa ndani ya Roadster paa likiwa limefunguliwa, kijana akazunguka, na mimi nikasimama na chaki. Kisha akaomba tufunge paa turudie. Aliona ukanda wa kushoto, akauliza kama kioo kidogo cha duara kinaweza kubandikwa kwenye kioo cha pembeni. Kinaweza, na kinasaidia. Roadster aliyoagiza sasa iko baharini, inakuja.

Jaribio hufanyika Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, hata kama gari utanunua kwingine. Njoo na viatu unavyoendeshea, maana kimo cha kiti kinategemea mguu.