Kuhusu kidonda cha Mjomba

Mbagala, Dar es Salaam

Mpendwa rafiki yangu Zuhura,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza kwa nini daktari hakuuzima mara moja uvimbe wa kidonda cha Mjomba, ilhali wekundu na joto vilionekana wazi. Swali lako linagusa jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi yangu ya maabara, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha maneno.

Ngozi inapokatika, seli zake za juu huachia intaleukini-1, kemikali ya taarifa inayowasha uvimbe, ambayo zilikuwa zimeihifadhi ndani tangu awali. Kemikali hiyo hushuka hadi kwa faibroblasti, yaani seli zinazofuma tishu unganishi, na kunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya utando wao. Kipokezi kikishaguswa, taarifa hupita ndani kwa mkondo wa protini kama NF-kB na AP-1 hadi kwenye kiini cha seli, na jeni zilizokuwa kimya huanza kufanya kazi. Mojawapo hutengeneza kichocheo cha ukuaji kiitwacho KGF. Ajabu ni kwamba faibroblasti yenyewe haina kipokezi cha kichocheo hicho; hukitengeneza kwa ajili ya seli za juu, zile zile zilizotoa taarifa, nazo hugawanyika na kulifunika jeraha. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba katika ngozi ya panya iliyokatwa, RNA ya KGF, yaani nakala za jeni yake zinazotumika kukitengeneza, iliongezeka zaidi ya mara 100 ndani ya saa 24. Sijaacha kustaajabia kasi hiyo.

Dawa za steroidi, zinazotumika kuzima uvimbe, hupunguza ongezeko hilo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kidonda kuchelewa kufunga kwa anayezitumia.

Hata hivyo, amri hiyo ya uvimbe ikikosa kukoma huleta madhara. Katika baridi yabisi, intaleukini-1 na TNF, kemikali nyingine ya uvimbe, huzichochea faibroblasti za kiungo bila kupumzika, nazo hutoa VEGF, kichocheo kinachootesha mishipa mipya ya damu inayolisha tishu iliyovimba, huku gegedu, tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikiendelea kuliwa.

Kwa hiyo nakusihi, Mjomba asijipake krimu ya steroidi ya dukani bila kumuuliza daktari. Lakini wekundu ukienea, au usaha na homa vikitokea, huenda bakteria wameingia kidondani. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Rafiki yako akupendaye,
Neema